Yoga Nyuma ya Banda la Ng'ombe

Kama umeambiwa jana kwamba una saratani, leo usisome haya. Kunywa chai, lala, lia ukitaka. Mimi siku niliyoambiwa nilirudi nyumbani nikafua mapazia ya nyumba nzima, na hakuna aliyethubutu kuniuliza kwa nini. Ukishafua mapazia yako, njoo tuzungumze.

Mimi nimeolewa huku Masama, Kilimanjaro. Nina watoto wawili, mkubwa anaitwa Ombeni, kwa hiyo na mimi jina langu la siku zote ni Mama Ombeni. Mume wangu ni mpishi wa mlimani. Anapanda na wageni, anawapikia wiki nzima, anashuka, anapumzika kidogo, anapanda tena. Watoto wakati ule walikuwa bweni, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na mama mkwe wangu, mzee wa kanisa, Mlutheri asiyechelewa ibada hata mvua ya mawe inyeshe. Nampenda sana. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele huko kuna mahali utadhani simpendi.

Ugonjwa wangu ni saratani ya tezi, hizi za limfu. Ulianza baada ya Krismasi, wale ndugu wa Dar wakiwa wameshaondoka na sisi tumebaki kusugua masufuria. Nilikuwa najitwika majani ya ng'ombe nikahisi kitu shingoni, kidogo tu, ukubwa wa punje ya harage. Nikakipuuza. Vikawa viwili. Nikajifunga kitambaa shingoni nikawaambia watu ni baridi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na mimi kwa kuficha nilikuwa bingwa. Aliyeniumbua mimi, kwa bahati nzuri, ni Ombeni. Alikuja nyumbani siku chache, akanivua kile kitambaa tukiwa mezani, hana hata adabu, akasema, "Mama, hii nini?" Baba yake aliweka kijiko chini. Kesho yake asubuhi tulikuwa Moshi mjini kwenye foleni.

Habari za vipimo sitakuchosha nazo. Walinikata kipande cha nyama shingoni wakakipeleka kupimwa, na tukasubiri majibu mpaka masika yakaanza. Daktari alikuwa kijana, mpole, ananiita mama kila baada ya maneno matatu. Akasema ni saratani, lakini ni ya aina inayosikia dawa, na nitapewa dripu sita, kila wiki tatu moja. Mume wangu akauliza maswali. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu na kufikiri kwamba nimekuja na matope ya Masama kwenye sakafu ya watu.

Lile korido la hospitali nalijua kuliko jiko langu. Mabenchi yako pande mbili, kwa hiyo mnatazamana. Kuna kina mama wa Kilema na chupa zao za chai, wazee wa Old Moshi wamevaa makoti ya ibada, kila mtu amekuja na mtu wake. Kwanza unatolewa damu, unasubiri majibu, na damu ikiwa haijapanda unaambiwa rudi wiki ijayo. Utaona mtu analia kwa kukataliwa dripu, na mwingine analia kwa kukubaliwa. Mimi nilikuwa kundi la pili.

Mwili ulibadilika upesi. Kucha zikawa nyeusi. Mdomo ukawa na ladha ya msumari. Harufu ya maziwa ikanishinda, mimi niliyekamua ng'ombe tangu utoto! Nywele zilibaki kwenye kilemba asubuhi moja, nikakaa kitandani nimezishika mkononi, sijui nizipeleke wapi. Mama mkwe akaingia, akaona, hakusema pole wala nini. Akanitoa barazani, akanikalisha kwenye kigoda, akaninyoa zilizobaki kwa wembe mpya, taratibu, anaimba wimbo wa kanisa chini chini. Alipomaliza akanifuta kichwa kwa kanga yake akasema, "Kumbe kichwa chako kizuri hivi, ulikuwa unakificha kwa nini?" Nikacheka na machozi yakitoka.

Sasa nikueleze nilivyokutana na Hansa. Ilikuwa dripu ya pili. Ya kwanza sikuisikia kwa woga. Ya pili ndiyo ilinitia adabu. Nesi alitafuta mshipa mkono huu, hakuna. Akatafuta mkono ule, hakuna.

"Mama, legeza mkono."

"Nimelegeza!"

"Hajalegeza," akasema mtu wa kiti cha pili. "Hata meno ameyakaza."

Nikageuka kwa hasira. Alikuwa mama wa Kihindi, mkubwa kwangu, upara kama wangu chini ya mtandio, amevua viatu na kukunja miguu juu ya kiti kana kwamba yuko sebuleni kwake. Dripu yake inashuka, yeye anatafuna karanga.

"Meno yangu wewe umeyaonea wapi?"

"Sijayaona, nayasikia yanavyosaga. Mama, toa pumzi. Usivute, toa tu. Toa mpaka iishe yote."

Nilitoa pumzi ili anyamaze. Haki ya Mungu, ndivyo ilivyokuwa, sikuwa na nia njema. Nikaitoa mpaka tumbo likagusa mgongo, na nesi akasema, "Haya, huu hapa," sindano ikaingia. Yule mama akanipa karanga. Nikamtambua: ana duka la vitambaa mjini, tulinunua kwake sare ya kwaya. Amezaliwa Moshi, amekulia Moshi, Kichagga cha salamu anacho chote. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na urafiki ukaanzia hapo.

Siku zetu za dripu zililingana, na hata zile za katikati za kwenda kupima damu tu. Wakati wa kusubiri majibu ya damu alinitoa nje, nyuma ya jengo palipo na majani, tukatandika kanga zetu. Akanifundisha kukaa mgongo wima mikono wazi mapajani. Akanifundisha kupiga magoti na kuupandisha mgongo kama paka anayeamka. Akanifundisha kulala miguu imeegemezwa ukutani, na wagonjwa wenzetu wakipita wanatushangaa. Nilipenda hayo mambo. Siku ya tatu hivi nikamwuliza, "Hii inaitwaje?"

"Yoga."

Nikakusanya kanga yangu. Kwetu mwinjilisti alishalisema hilo neno madhabahuni, kwamba ni mlango wa mapepo, na watu waliitikia amina, mimi nikiwa mmoja wao.

"Hansa, sisi tumekatazwa."

"Mmekatazwa kupumua?"

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi, mama. Mungu wako mwombe wewe mwenyewe kwa maneno yako, mimi sikuingilii. Mimi nakufundisha kukaa chini na kujitazama ulivyo. Ukimkuta Mungu humo ndani, msalimie."

Nikatandika kanga yangu tena. Hili nakuambia wewe unayesali na kuogopa kama nilivyoogopa: sikuabudu kitu. Nilikaa, nikapumua, nikajitazama. Nilianza kwa Baba Yetu na nikamaliza kwa Baba Yetu, na katikati nilinyamaza, jambo ambalo katika maisha yangu sikuwahi kulifanya kwa hiari.

Lakini nyumbani ningefanyia wapi, nyumba ya mzee wa kanisa? Nikatafuta mahali. Nyuma ya banda la ng'ombe, ukishuka kidogo kwenye migomba ya kihamba, shamba letu la urithi, kuna uwazi mdogo umezungukwa na masale, yale majani marefu tunayopandia mipaka. Nilipoolewa niliambiwa tu kwamba kule hakulimwi, nikadhani ni kwa ajili ya mawe. Pamesawazika, pamejificha, na asubuhi kabla ya mawingu unaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yote mpaka kwenye theluji. Nikaanza kwenda huko alfajiri na gunia langu la kukalia, kabla Mama mkwe hajaja kukamua.

Nikuambie nilichokiona nilipokaa, maana watu wanafikiri unaona malaika. Jambo la kwanza niliona mabega yangu. Yalikuwa juu karibu na masikio, nayashusha, baada ya muda yamepanda tena. Nikagundua kwamba nimejitwika mzigo wa majani kichwani hata siku ambazo sijabeba kitu. Hiyo peke yake ilinichukua wiki nzima.

Halafu niliona uongo wangu. Mtu akiniuliza, "Unaendeleaje, Mama Ombeni?" nilijibu, "Namshukuru Mungu, safi kabisa!" na hapo hapo mabega yanapanda. Nilikuwa nimejibu hivyo miaka yote ya ndoa. Nikiwa na homa, safi. Nikiwa na hasira na mume wangu, safi. Mimi ni mtu wa kujikaza kisabuni, na nilidhani hiyo ndiyo heshima. Hata matibabu, nilipelekwa tu. Mume alisema twende, daktari akasema sita, mimi nikabebwa kama begi la mgeni linavyobebwa mlimani. Hakuna aliyelikosea begi, ni kwamba begi halikusema kitu.

Na asubuhi moja niliiona hofu yenyewe. Ilikuwa chini ya mbavu za kushoto. Hansa alikuwa ameniambia nisiifukuze, niitazame tu, kwa hiyo nikaitazama. Jamani, ilikuwa ndogo kuliko nilivyofikiri. Haikuondoka, mpaka leo tunaishi nayo, lakini tangu siku ile naijua inapokaa.

Katika siku hizo Mama mkwe alianza kubadilika. Aliacha kuniita alfajiri. Akawa anakwenda bandani kwa njia ya mbali, ya kuzunguka. Mtori wangu, ile supu nzito ya ndizi, ukawa na mfupa wenye uboho kila jioni, na nikikohoa tu anauliza kama nataka maziwa au nataka kunyamaziwa. Nikasema moyoni, ugonjwa una faida zake. Siku moja nilikuta pale ninapokaa pamelowa na pananuka mbege, pombe yetu ya kienyeji, ile harufu ya ndizi na ulezi huwezi kuikosea. Nikawaka. Nikamwendea Mama bandani.

"Mama, walevi wa kule chini sasa wanaingia mpaka kwenye kihamba chetu!"

Akainama akaanza kuikaza kamba ya ndama ambayo ilikuwa imekazwa. "Nitawasema," akajibu.

Dripu ya nne iliniangukia wakati wa baridi kali, ule ukungu wa mwezi wa sita usioondoka hata mchana. Ilinimaliza. Mdomo wote ukawa vidonda, hata mate nilimeza kwa machozi. Baba Ombeni alikuwa ameshuka mlimani, akanipikia uji mwembamba, akanilisha kwa kijiko cha chai, tone kwa tone. Mtu anayewalisha wageni kule juu kwenye barafu, wanamaliza sahani, alikaa saa nzima na kikombe kimoja cha uji na mkewe hakukimaliza. Nilimwona anavyojikaza asilie. Nikageukia ukutani.

Hapo ndipo nilipoamua, kimya kimya, kwamba ya tano siendi. Sikumwambia mtu. Niliwaza tu kwamba siku ikifika nitasema nina homa, wiki inayofuata nitasema kitu kingine, na mwisho watachoka. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba ukikatiza katikati ugonjwa unarudi na hasira, na nilimsikia vizuri. Nikaacha hata kwenda kule nyuma kukaa. Maana ukikaa unaona, na mimi sikutaka kuona.

Zikabaki siku chache tu. Jumapili baada ya ibada Mama akaita kikao. Tulikuwa wanne: yeye, mume wangu, mimi nimefungwa blanketi, na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye kihamba chake kinapakana na chetu. Mama alikuwa bado na gauni la kanisani. Akaongea Kichagga, akiwa na jambo zito huwa anaacha Kiswahili.

"Mke wa mwanangu," akasema, "amekuwa akizungumza na wazee."

Nikadhani wazee wa kanisa.

"Nilimwona kwa macho yangu. Alfajiri, pale penye masale walipolala babu zenu, amekaa chini, ameielekea Kibo, mikono wazi. Hivyo hivyo babu yangu mzaa mama alivyokuwa akimwomba Ruwa, Mungu wa wazee wetu, kabla ya kwenda shamba, nikiwa mtoto. Nikajua amekwenda kwa mtu akaelekezwa. Sikumkemea. Nilisema, kama ni jambo la kupatana na wazee, nitamsaidia. Nikapeleka mbege."

Shemeji alitoa macho. "Mama! Wewe?"

"Mimi. Sasa ameacha kwenda, na tangu aache amezidi kuisha, mnamwona wenyewe. Jambo limeanzwa halikumalizwa. Atafutwe beberu wa kuchinja, jambo likamilishwe. Na zile sindano za hospitali zisimame mpaka hapo, mambo hayo mawili hayachanganywi. Hospitali haitahama."

Mume wangu alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Yeye haamini sana mambo hayo, lakini ni mama yake, na mimi nilikuwa nimekonda mbele yake kila siku. Akasema, "Mama Ombeni, wewe unasemaje?"

Nikuambie ukweli, nilifurahi. Moyo uliniruka kwa furaha! Hakuna dripu! Na tena kwa heshima, kwa amri ya mkubwa wa nyumba, familia nzima ikiniunga mkono, mimi kazi yangu ni kunyamaza tu. Neno moja, "Sawa, Mama," na nimeokoka na ile sindano. Lilikuwa limeshafika mdomoni.

Na furaha hiyo ndiyo iliyonishtua. Kama nisingekaa zile asubuhi zote nikijitazama nisingeitambua, ningedhani ni utii. Lakini niliihisi inavyopanda kutoka chini ya mbavu za kushoto, na pale napajua panakaa nani. Nikafumba macho pale pale kikaoni. Nikatoa pumzi mpaka ikaisha. Na chini ya ile hofu, mahali ambapo sikuwahi kufika kwa sababu nilikuwa nimeacha kukaa, palikuwa na kitu kingine, kinyamavu, hakibembelezi. Nilitaka kuishi. Si kwa ajili ya Ombeni wala baba yake, ingawa nawapenda. Mimi mwenyewe nilitaka kuishi, kama mtu anavyotaka maji.

Nikafumbua macho nikapiga moyo konde.

"Mama, nisamehe. Sikwenda kwa mganga. Ile ni yoga."

"Ni nini?"

"Mazoezi ya kupumua na kukaa kimya. Nilifundishwa na mama mmoja wa Kihindi kule hospitali, mgonjwa mwenzangu. Nilijificha kwa sababu ya mwinjilisti, na kwa sababu yako. Sikujua pale ni kwa wazee, niliona pamesawazika tu. Sikuwa nazungumza na mtu. Nilikuwa najitafuta mimi niko wapi."

Nikaendelea kabla ujasiri haujanitoroka. "Na dripu ya tano nilikuwa nimeshaamua siendi. Mlikuwa hamjui. Naiogopa kuliko kaburi. Lakini nataka kuishi, na nitakwenda. Leo sipelekwi, nakwenda mwenyewe."

Shemeji akapasuka kicheko. "Yaani mbege ya mzee wa kanisa imemwagwa bure, wazee wameamshwa kwa ajili ya mazoezi ya Wahindi!"

"Nyamaza, kaka," akasema mume wangu, na sijawahi kumsikia akimwambia hivyo tena.

Mama alikuwa ameshasimama. Alinyoosha gauni lake, akatoka nje, mgongo umenyooka. Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya wanawe, mwanamke aliyevunja mwiko wa kanisa lake kwa ajili yangu.

Nilimfuata polepole na blanketi langu. Alikuwa bandani, anamkuna ndama shingoni. Nikasimama mlangoni, harufu ya maziwa inanichefua, sikuondoka.

"Mama, shikamoo," nikasema. Sikupata neno jingine, na tulishaamkiana asubuhi.

Alimkuna ndama mpaka ndama akachoka. Kisha akasema, bado amenipa mgongo, "Unamjua Aikande?"

Nilijua kwamba mume wangu alikuwa na dada aliyefariki kabla sijaolewa. Picha yake ipo sebuleni, lakini katika nyumba hii hatajwi, na mimi sikuwahi kuuliza alikufaje.

"Naye alianza kukonda hivi," akasema Mama. "Nikampeleka hospitali hiyo hiyo mnayokwenda ninyi. Shangazi zake wakaja wakasema, mama, kuna mambo ya nyumbani hayajakaa sawa, mpatanishe mtoto na wazee. Nikawafukuza. Nikawaambia mimi ni mtu wa kanisa. Akafia kule, kwenye lile korido, tukisubiri. Ameniegemea hapa." Akajigusa bega. "Tangu hapo sijakanyaga ile hospitali. Nilipokuona pale penye masale nikasema, safari hii hakuna mlango nitakaouacha bila kubisha. Kanisa nabisha, wazee nabisha. Wewe sikuachi."

Loo! Nililia. Miezi yote ile nilidhani hanisindikizi hospitali kwa sababu ya ng'ombe. Nilimwendea nikamkumbatia kwa nyuma na blanketi langu, na yule ndama katikati anatusukuma, na yeye akanishika mikono akanibana nayo. Tulikaa hivyo mpaka akasema, "Unatetemeka, rudi ndani." Nilikuwa nimeshapata la kusema.

"Mama, mlango mmoja umebaki hujaubisha. Nisindikize Alhamisi."

"Hapana."

"Baba Ombeni anapanda na wageni Jumatano."

"Mchukue shemeji yako."

"Shemeji atanichekesha mpaka nitapike."

Alichukua ndoo akaenda.

Nikukate kiu kabla sijamaliza, maana najua unachotaka kujua: nimepona. Dripu ya sita niliimaliza wakati tunachuma kahawa, nikachuma na mimi, kikapu kidogo cha kitoto. Naenda kupimwa mara moja moja na kila mara usiku wake silali. Hansa naye yupo, duka lipo, nywele zake zimerudi na mawimbi ambayo hakuwa nayo, na anaringa nayo mno. Yoga haikuniponya saratani. Dripu ndizo zilizoniponya, na Mungu aliyewapa watu akili ya kuzitengeneza. Mtu akikuambia uache dawa ukae upumue, mkimbie. Yoga ilinifanya niwepo mwenyewe wakati naponywa. Ilinionyesha lini naongea mimi na lini inaongea hofu yangu kwa sauti ya adabu, na hiyo ni kazi ambayo daktari hawezi kukufanyia. Mpaka leo nakaa asubuhi, si pale penye masale tena. Wazee waliolala nimewaacha walale. Nakaa barazani, mbele ya kila mtu, na mwinjilisti akipita barabarani ananisalimia nami naitikia.

Lakini nataka nimalizie na ile Alhamisi.

Nilipotoka nje na mfuko wangu alfajiri, Mama alikuwa ameketi barazani amevaa gauni la kanisani, viatu vya kanisani, chupa ya uji mapajani. Alitembea vizuri mpaka mlango wa hospitali, vizuri mpaka mwanzo wa korido. Hapo akasimama. Akawa anatazama benchi moja la katikati, na nikajua ndilo. Mkono wake ulikuwa baridi, na alipumua juu juu, mabega yamempanda masikioni.

Sikumpeleka penye lile benchi. Tukakaa upande wa pili, yeye na mimi, bega kwa bega. Mimi na hofu yangu ya sindano, na yeye na yake.

"Mama, toa pumzi," nikamwambia.

"Siwezi."

"Usivute, toa tu. Nami natoa. Toa mpaka iishe yote."

Akaniangalia kwa jicho lile la mzee wa kanisa, nikajua anamfikiria mwinjilisti. Kisha akafumba macho. Akatoa pumzi ndefu, inakwaruza, ikatoka na sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tukatoa tena pamoja. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, maana nilikuwa nimeishika mikono yake yote miwili. Sijui tulikaa hivyo muda gani, wote tumefumba macho, watu wanapita.

Nesi alikuwa mgeni, hanijui. Nilisikia hatua zake zikisimama mbele yetu, na sauti yake ikisita, "Samahani, kina mama. Mgonjwa ni nani hapa?"

Mama hakufumbua macho.

"Ni sisi wote wawili, mwanangu," akasema. "Lakini anza na huyu."